Picha za Watu Wazima

Mugango, Musoma Vijijini
16 Februari 1992

Mwanangu Stanislausi,

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe, hakuna mtu aliyeniandikia, kwa hiyo ukiona herufi zimepanda mlima ujue ni meza inayumba, siyo mimi. Huku sisi wazima. Wewe na biashara yako huko Bunda tunaamini mnaendelea.

Sasa sikiliza habari. Baba yako anaona. Walipomtoa bandeji na kumvika miwani kule hospitali ya Mwanza nilikuwa nimesimama kando ya kitanda, akageuka akaniangalia muda mrefu, akasema, "Marcelina, kumbe umezeeka." Nikamwambia na yeye atafute kioo. Nesi alicheka mpaka akaweka trei chini. Miwani yenyewe ni mizito kama kitako cha chupa. Akiivua anaona ukungu tu, hata mimi haoni ni mimi mpaka niseme neno. Akiivaa anaona mpaka nzi kwenye dari. Jumapili padri hakufika, baba yako akaongoza ibada mwenyewe, na somo akalisoma kwenye kitabu, siyo kwa kukariri kama miaka ile ya giza. Nilikaa benchi la mbele. Watu walikuwa wananiangalia mimi kuliko wanavyomwangalia yeye, kwa sababu wanajua ni mtoto wa nani aliyelipia macho yale. Na wasiojua niliwaambia.

Lakini kuna jambo. Kwenye jumuiya ya kanisa tulizungumza juu ya mambo ya siku hizi. Mama Wegesa, jirani yetu, unamfahamu mdomo wake, alisema dunia imeharibika. Kwenye arusi ya Bernado, yule mnunuzi wa samaki, walipiga kaseti za Zaire, wasichana wakakatika mpaka chini mbele ya baba zao, na maneno ya wimbo huwezi kuyarudia hata ukiwa peke yako shambani. Nilimuunga mkono, maana ni kweli. Zamani ngoma ilikuwa na watu wake na mahali pake, mama mkwe alikuwaga anajua wimbo huu nisikae. Siku hizi redio inaimba yote, mtoto yumo, mkwe yumo, unabaki unakohoa. Halafu akasema huko Musoma mjini kuna mabanda ya video yanaonyesha watu uchi wa mnyama, watoto wanachungulia kwenye matundu ya ukuta. Hapo akanitazama kwa pembeni, akasema hata sisi humu kuna wenye watoto wenye mabanda.

Nikamjibu kwamba wangu amelelewa nyumba ya katekista. Sasa niandikie unaonyesha nini hasa, nimfunge mdomo.

Nimemaliza. Mimi mama yako,
Marcelina, wa cheti cha kisomo


Kabasa, Bunda
5 Machi 1992

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mfikishie na baba shikamoo yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, hapo pa kioo nilicheka peke yangu kama mwehu. Nafurahi kwamba ameona. Tangu nipunguzwe kazi pale kiwanda cha nguo sijapata siku ya kujivuna, hiyo ndiyo yangu.

Umeuliza naonyesha nini. Mchana ni picha za karate na za Kihindi, zile za kuimba na kulia, wewe ungezipenda. Jumamosi na Jumapili jioni ni picha za watu wazima, hizo ndizo zinazojaza banda. Watoto hawaingii, nimeweka mtu mlangoni anaitwa Kija, hana mzaha. Mwambie mama Wegesa hivyo.

Jenereta linasumbua lakini linakwenda. Nimewatumia sukari na sabuni kwa mkono wa Bernado, mkipokea nijulisheni.

Mwanao,
Stani


Mugango
15 Machi 1992

Mwanangu Stanislausi, baba yangu, taa yangu,

Sukari nimepokea. Sabuni nimepokea. Lakini siandikii hayo.

Watu wazima. Niliposoma hapo nilisimama na barua mkononi, chai ikachemka ikamwagika, nikaiacha. Mbona hukuniambia zamani? Umekaa na jambo kubwa namna hii unatuandikia habari za jenereta?

Wewe ulikuwa mdogo, huwezi kukumbuka vizuri. Mimi nilikuwa sijui hata kushika kalamu. Nimezaa watoto, nimelima pamba, na kwenye karatasi za chama cha ushirika naweka dole gumba kama kichaa. Ndipo baba yako akapewa darasa la watu wazima pale barazani kwa kanisa. Nilikaa mbele yake na wewe mgongoni. Hakunipendelea. Nilikosea akanichora alama ya kosa kwa chaki nyekundu, kubwa, mbele ya wanawake wote, na nyumbani nikamnyima ugali wa moto. Lakini siku nilipoandika Marcelina bila kuangalia ubaoni, yeye ndiye aliyefuta machozi. Alikuwaga akisema hakuna jina zuri kuliko hilo, mtu mzima. Mtoto anafundishwa kwa fimbo, mtu mzima anafundishwa kwa heshima.

Na gari la sinema la serikali lilikuwa likija. Linafunga shuka jeupe kwenye ukuta wa ghala la pamba, linaonyesha kuchimba choo, kuchemsha maji, kupanda mahindi kwa mstari. Watu walitoka mpaka Bugwema kwa miguu. Baba yako anasimama pembeni anaeleza kwa kilugha. Halafu mambo yakawa magumu, chaki zikaisha, mafuta yakaisha, gari halikuja tena. Ubao ule wa kisomo leo ni mlango wa banda la mbuzi. Na mimi nimekuwa nikijua kazi ile imekufa, kumbe mwanangu ameiokota huko Bunda anaiendeleza, tena bila kujisifu.

Basi Alhamisi kwenye jumuiya nilisimama, nikasema nina barua. Nikaisoma kwa sauti, hapo hapo kwenye picha za watu wazima, nikarudia. Watu walinyamaza kimya kabisa, Stani. Wivu. Bernado alipaliwa akatoka nje kukohoa. Mama Wegesa aliangalia miguu yake, hakuwa na la kusema, na yeye hajawahi kukosa la kusema tangu azaliwe. Nikamaliza kwa kuwaambia kwamba Mungu akipenda utakuja na mashine yako hapa kanisani utuonyeshe na sisi.

Baba yako nilimsomea nyumbani. Alikwenda akatoa lile koti la kijivu akalianika juani. Jioni akasema, "Nataka nione kwa macho haya." Atapitia Butiama amchukue mkwe wetu mzee Nyamhanga, baba mkwe wa dada yako Hyasinta, maana yule alikuwaga anatuonea huruma ulipopunguzwa kazi, sasa na aone. Watakuja kabla ya Pasaka. Usihangaike na chakula, wewe waweke mahali wanapoona vizuri.

Mimi mama yako mwenye furaha,
Marcelina, mwanafunzi wa kwanza wa watu wazima Mugango


Kabasa, Bunda
31 Machi 1992

Mama,

Shikamoo. Barua yako imechelewa, imenifikia leo. Tafadhali mwambie baba asije kwa sasa. Banda liko kwenye matengenezo, paa limetolewa, na mimi nasafiri kwenda Mwanza kutafuta mikanda ya video, sitakuwepo. Nitakuja mimi huko nyumbani, tutazungumza. Na mama, habari za kwenye jumuiya, naomba usiendelee nazo. Watu hawapendi mtu kusifiwa sana.

Nasisitiza, asije.

Stani


Mugango
21 Aprili 1992

Mwanangu,

Barua yako ya paa imefika wakati baba yako ameshakwenda na kurudi. Sikukuandikia mapema, nilikuwa sina moyo.

Stani, macho yamekataa.

Aliondoka hapa kijana. Kofia, koti, miwani ameisugua kwa khanga yangu mpaka inang'aa. Alipitia Butiama wakaenda wote na mkwe, Jumamosi. Jumatatu nikamwona anakuja kutoka stendi ameshikwa mkono na mtoto wa watu. Miwani haipo usoni. Nikauliza umeibiwa? Akaitoa mfukoni akaniambia niiweke sandukuni, haionyeshi kitu tena. Nikauliza umeona kazi ya mtoto? Akasema banda lilikuwa giza, jenereta liliharibika, hawakuona kitu, na wewe hukuwepo. Akalala bila kula.

Tangu hapo ni kama zamani. Anapapasa ukuta. Namchambulia miba ya samaki. Ijumaa Kuu padri alikuwa amempangia asome yeye mateso ya Bwana yote, alikuwa amefanya mazoezi Kwaresima nzima, nikimsikia asubuhi. Akamtuma mtu aseme haoni. Akasoma Bernado, anakwama kila mstari kama baiskeli kwenye mchanga. Baba yako alikaa nyuma kabisa, ameinamisha kichwa. Mimi nililia, watu wakadhani ni kwa ajili ya mateso.

Na mkwe hakupita hapa kumsalimia, wala hajatuma salamu. Sijui wamegombana njiani.

Naomba uulize kule hospitali kama kuna dawa ya macho yaliyofunguliwa yakafunga tena. Au labda vumbi la Bunda. Usijilaumu kwa kutokuwepo. Amesema nisikulaumu.

Mama yako,
Marcelina


Butiama
10 Mei 1992

Kaka Stanislausi,

Sitaanza na habari za salamu.

Baba haumwi macho. Nimejua jana. Mtoto wangu Gati anabatizwa Agosti, nikamwambia baba mkwe kwamba nitawaweka babu wawili meza moja, kama inavyopasa. Akanituma nimwite mume wangu, akatuambia wote wawili, uso ameugeuzia ukutani.

Walifika Kabasa jioni. Wewe hukuwepo. Mlangoni kulikuwa na ubao, baba akataka kumwonyesha mwenzake kwamba macho yanafanya kazi, akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kama anafundisha. PICHA ZA WATU WAZIMA. Chini yake kulikuwa na alama nyekundu ya X. Akacheka, akasema, mwanangu hajasahau darasa, amechora alama ya kosa. Yule Kija wako hakuwafahamu. Aliona ni wazee, akawapa heshima, akainua vijana kwenye benchi la mbele kabisa akawaketisha hapo. Banda likajaa nyuma yao mpaka mlangoni.

Ilipoanza, baba mkwe anasema, baba alimnong'oneza kwamba ni somo la uzazi. Alisema hivyo kaka. Alikaa akingoja mwalimu aje aeleze.

Halafu wakaelewa. Baba mkwe akaweka kofia usoni. Wakasimama watoke, njia hakuna, ikabidi wapite mbele ya ile televisheni, na vijana wanapiga kelele wazee ondokeni mbele, mwingine anasema babu kaa, hii ni dawa. Mmoja akauliza mmepotea njia wazee wetu, mmemfuata nani humu? Baba mkwe akafungua mdomo aseme huyu ni baba wa mwenye banda. Baba akamkamata mkono. Akamwambia, "Usiwaambie mimi ni nani."

Hilo ndilo alilokuwa anatueleza huku anaangalia ukuta.

Unajua mila za hawa watu, na zetu hazipo mbali. Wakwe wakiona uchi pamoja hawali tena sahani moja mpaka achinjwe mbuzi, na mbuzi hachinjwi kimya, wazee wanakaa, sababu inatajwa mbele yao. Nani ataitaja? Baba mkwe amekataa kumwaibisha baba, baba amekataa kumwaibisha mwanawe. Basi hawatakutana. Mtoto wangu atabatizwa babu mmoja hayupo, na watu wataniuliza mimi.

Mama hajui. Anaamini macho. Ananiandikia nitafute majani ya kuosha.

Sikuulizi kwa nini unaonyesha vitu hivyo, najua utasema njaa. Nakuuliza kitu kimoja. Ulipopata barua ya mama na ukaona ameelewa vipi, kwa nini hukumwambia siku ile ile?

Hyasinta


Kabasa, Bunda
24 Mei 1992

Dada Hyasinta,

Nimejibu kichwani kila siku, karatasini nimeshindwa.

Sikudanganya nilipoandika. Ndivyo tunavyoziita hapa, kila mtu anaziita hivyo, ni jina la mlangoni, kama kusema bia au soda. Nilidhani mama atakunja uso, atanyamaza, basi. Halafu ikaja ile barua yake. Ungeisoma. Gari la sinema, chaki, mimi mgongoni. Nilikaa nayo nikaona nikimwambia kweli namnyang'anya kitu ambacho sina cha kumrudishia. Nikasema acha afurahi kidogo. Sikujua baba atavaa koti.

Nitasema njaa, umesema mwenyewe. Picha za Kihindi zinaleta watoto wasio na kitu. Jumamosi ndiyo ililipia hospitali. Macho yale yamenunuliwa na Jumamosi, Hyasinta, hilo ndilo linanisumbua nikilala. Nilimfungua macho kwa kitu kile kile alichokuja kukiona.

Niliporudi Kija aliniambia walikuja wazee wawili wenye heshima wakaondoka mapema. Alinisimulia kama kichekesho. Nilicheka naye. Sikujua.

Naomba usimwambie mama. Nipe muda nitafute namna.

Kaka yako,
Stani


Mugango
5 Julai 1992

Stanislausi,

Nimeambiwa.

Padri alikuja kwenye mkutano wa wanawake, akaleta neno juu ya malezi. Alisema wazazi tuangalie watoto wasiende kwenye mabanda, maana zipo picha wanaziita za watu wazima, na ni uchafu mtupu. Alisema hivyo tu, akaendelea na mengine. Hakuwa ananisema mimi, ni mgeni, hakujua. Nikainua mkono. Nikasimama, Stani. Nikasema padri samahani, hapo umekosea, za watu wazima ni za kisomo, mwanangu anazionyesha. Padri akaniangalia. Wanawake wote wakaangalia chini, wote kwa pamoja, kama wakati wa mageuzo kwenye misa.

Mama Wegesa ndiye aliyenishika mkono akanitoa nje. Yule niliyekuwa namringia. Akanipeleka nyuma ya kanisa akaniambia polepole, anatafuta maneno, hakunicheka hata kidogo. Nikamuuliza tangu lini mnajua. Akasema tangu siku uliyosoma barua. Nikasema mbona hamkuniambia. Akasema, "Ulikuwa umefurahi mno, mama Stani."

Kumbe kile kimya hakikuwa wivu. Miezi yote hii nikipita sokoni nimeinua shingo, wananipisha, na mimi nadhani ni heshima. Walikuwa wananihurumia.

Nikarudi nyumbani. Baba yako alikuwa amekaa kivulini kwenye ukuta, miwani hana. Nilisimama mbele yake bila kusema neno, kwa kuwa nikinyamaza hanijui ni nani. Nikamwangalia. Ndipo nikaelewa macho hayana ugonjwa, ni miwani ameikataa. Nikamuuliza uliona? Hakuuliza niliona nini. Alisema ndiyo, kwenye benchi la mbele, na mkwe pembeni yake. Kisha akaniuliza, hilo jina lilikuwa letu, wamelichukulia wapi?

Hilo tu. Hakutukana, hakulia. Sisi tunasema vijana wameharibika na nyimbo na kaseti na nguo, tunasema kila siku tukimenya mihogo, na mimi nilikuwa nasema kwa sauti kuliko wote kwa sababu nilijua kwangu hamna. Sitasema tena. Uchi wa mtu nimeuona tangu nizaliwe, nimezalisha wanawake, nimeosha maiti. Siyo kwamba ni kitu kigeni. Ila tulikuwa tunausitiri kwa giza na kwa heshima, na kwa kujua nani amekaa na nani. Wewe umeutoza kiingilio, ukaweka benchi, ukamkalisha baba yako mbele.

Nilimuuliza kama nikuandikie uje. Alikaa mpaka jua likatuacha pale. Akasema, "Aje. Ila sitamwona."

Sijui kama ni ukali au ni macho. Sikuuliza. Njoo.

Mama yako


Bunda
2 Agosti 1992

Mama,

Shikamoo. Sina neno la kuandika linalotosha, nikianza nafuta.

Deki na televisheni nimeuza. Banda pia. Nimeanza kusafirisha dagaa kwenda Mwanza na mwenzangu mmoja. Nilimwomba aliyenunua banda afute yale maneno mlangoni. Nilimwomba kama mtu anayeomba maji. Alicheka, akasema hayo maneno ndiyo anayoyanunua. Nilikwenda mwenyewe alfajiri nikayapaka rangi. Jioni alikuwa ameyaandika upya, makubwa zaidi.

Nakuja katikati ya mwezi. Sitaleta kitu kikubwa.

Stani


Mugango
30 Agosti 1992

Binti yangu Hyasinta,

Kwanza ubatizo. Gati hakulia alipomwagiwa maji, ameturithi sisi. Samahani nilikuja peke yangu, na asante kwa kuwa hukuniuliza mbele ya watu. Baba mkwe wako alinisalimia kwa mbali na kichwa chini. Nilimwelewa. Mwambie, kama utapata pa kusema, kwamba mwenzake anamuulizia kila mgeni anayetoka Butiama.

Sasa kaka yako. Alikuja Ijumaa. Amevaa shati la kijani, ndevu hajanyoa. Alimletea baba yako boksi la chaki. Sijui alilipata wapi na sijui alifikiri nini, aliliweka mezani akakaa mbali nalo.

Baba yako alikuwa kitini. Kaka yako akapiga goti akasema shikamoo baba. Akaitikia marahaba. Akanyoosha mkono kumsalimia, akaunyoosha pembeni, mahali ambapo hapakuwa na mtu. Kaka yako aliuangalia ule mkono uliokuwa hewani, kisha akasogea kwa magoti mpaka ulipo, akajiweka mbele yake, akaushika. Mimi niliingia jikoni, sikuweza.

Tulikula sato. Nilikuwa nimechukua sahani ya baba yako nichambue miba kama kawaida, kaka yako akainyanyua mkononi mwangu bila kusema. Alichambua yeye. Alichukua muda, akawa anahakikisha kwa vidole. Baba yako akala kila alichowekewa, amefumba macho. Waliongea juu ya mvua. Waliongea juu ya dagaa, bei ya Mwanza, barabara. Lile hakuna aliyeligusa. Nilingoja siku mbili nzima mmoja aseme, na mimi mwenyewe, mwenye maneno ya kujaza kapu, nilikaa nashona kifungo ambacho hakikuwa kimekatika.

Jumapili akaondoka. Baba yako akamwambia safari njema akiwa ndani. Nilimsindikiza kaka yako mpaka kwenye ua la minyaa, akanibusu mkono kama mtoto wa misheni, akaniuliza, mama, hivi ni kweli haoni, au hataki kuniona? Nikamwambia sijui, baba. Ni kweli nilikuwa sijui. Akashuka na njia ya Musoma.

Nilirudi kuchukua kapu. Sanduku lilikuwa wazi. Kiti kitupu. Nikazunguka nyuma ya jiko, nikamkuta amesimama penye uwazi wa minyaa, mkono mmoja ameshika fito, miwani usoni. Anaangalia njia. Nikasimama nyuma yake, sikukohoa. Kaka yako alikuwa amefika ghala la pamba, lile lenye ukuta wa sinema, anaonekana mdogo tu, shati la kijani. Akapita ghala. Akapanda kilima. Baba yako akawa anainuka kwa vidole vya miguu kama anayechungulia juu ya watu, na mbele yake hapakuwa na watu. Akasimama hivyo mpaka njia ikabaki tupu, na baada ya hapo bado alisimama.

Akasema bila kugeuka, "Amekonda."

Nikasema ndiyo, amekonda.

Akavua miwani akanipa, akaniambia niirudishe sandukuni, na kaka yako asijue. Akapapasa ukuta kurudi kitini kwake. Miwani ilikuwa imelowa. Nimeifuta kwa khanga nimeirudisha.

Kwa hiyo kaka yako sikumwambia, na wewe usimwambie. Nimekuandikia wewe kwa sababu siwezi kulibeba peke yangu, na kwa mama Wegesa siwezi kwenda, ameshanionea huruma ya kutosha.

Lile boksi la chaki halijafunguliwa. Lipo juu ya kabati, nalipangusa vumbi.

Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ukiona herufi zimepanda mlima, meza kaka yako aliitengeneza alipokuja. Leo haiyumbi.

Mama yenu,
Marcelina